Maharage Yaliyozimwa

Kitu cha kwanza Esteria alichokigundua kwa yule koplo mpya ni kwamba alirudisha kikombe kikiwa kimeoshwa. Wenzake pale kituo kidogo cha zimamoto cha Gwanombe, kwenye barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, waliviacha vikombe popote: juu ya ukuta, juu ya gari, kimoja hata ndani ya buti. Esteria alikuwa mpishi wao. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu hapo hakuwahi kusimama mbele za watu akasema neno. Dukani akitaka chumvi aliionyesha kwa kidole.

Koplo mwenyewe aliitwa Salumu, mtoto wa Pangani, na Kiha, lugha ya huko, kilimpiga chenga. Watu wakipiga 114 wakiwa na hofu, Kiswahili huwakimbia. Wiki yake ya kwanza mama mmoja alimlilia dakika tano nzima kwenye simu kuhusu ng'ombe aliyetumbukia shimoni, na Salumu akamjibu, "Ahsante mama, na wewe pia."

Basi kila asubuhi akawa anakuja jikoni na daftari.

"Dada Esteria, nyumba ikiungua mnasemaje?"

"Irahiye," alisema Esteria, akiitazama sufuria badala yake.

"Na vikiwa vitu vingi?"

"Birahiye."

Salumu akaandika, akashukuru, akaosha kikombe chake. Esteria hakumwambia kwamba neno hilohilo ndilo la chakula kilichoiva. Alijiambia atamwambia kesho. Kesho yake akampa neno la kisima, na keshokutwa la nyuki, na lile likabaki palepale.

Jumamosi wakaenda na gari la zimamoto kijiji cha Titye kuwafundisha wananchi kujikinga na moto wa kiangazi. Mkuu wa kituo, Afande Ghati, mwanamke wa Tarime ambaye hata akinong'ona mbuzi husimama, alikaa mbele na dereva Castory. Esteria alikaa nyuma na chupa za chai. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, na nyumba ya jirani mzee Longinus alikuwa na sherehe ya kipaimara cha mjukuu wake. Jiko lake lililoezekwa nyasi lilikuwa likifuka moshi, kama majiko yote yanavyofuka saa sita mchana.

Afande Ghati alikuwa katikati ya maneno yake kuhusu vibatari pale mama mmoja alipotokeza kichwa jikoni kwa Longinus, akawaita wageni.

"Birahiye."

Esteria alimwona Salumu akigeuka, uso umemng'aa kama mwanafunzi aliyelijua jibu kabla ya darasa zima. Akafungua mdomo amzuie. Pumzi ikatoka, neno likabaki ndani.

"Vinaungua," Salumu akapaza sauti, mpira wa maji wa maonyesho tayari uko mkononi. Castory, aliyezoea kutii kwanza na kuuliza baadaye, akafungulia.

Maji yale hayakubisha hodi. Yaliinua paa la nyasi, yakaingia kwenye sufuria kubwa, na maharage ya wageni mia moja yakashika njia ya bondeni, kuku wakiyasindikiza. Ugali wa muhogo ukaelea. Mzee Longinus, aliyetoka kuangalia kulikoni, alipigwa katikati ya suti yake mpya, akaketi kwenye beseni la samaki wa migebuka.

Maji yalipofungwa, ilisikika sufuria moja tu ikijizungusha chini mpaka ikatulia.

"Afande," mzee Longinus alisema taratibu, bila kuinuka, "maharage yangu yamekosa nini?"

"Yalikuwa yanaungua, mzee. Mama kasema mwenyewe, birahiye," Salumu akajibu.

"Nimesema yameiva," mama akamjibu. "Mwanangu, kwenu chakula kikiiva mnaita zimamoto?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Afande Ghati hakucheka.

"Koplo, lete daftari." Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. "Nani kakufundisha haya?"

Salumu alimtupia Esteria jicho dogo, kisha akalirudisha kwenye buti zake. "Nimeokoteza mwenyewe sokoni, afande."

"Basi Jumatatu unarudi mkoani. Ukaoshe magari huko mpaka ustaafu. Mtu anayezima chakula cha wananchi mimi nitampeleka wapi?"

Macho ya Titye yote yalikuwa pale. Esteria akasimama.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyesikia. Akarudia. "Nimemfundisha mimi."

Ghati akamgeukia. Miaka miwili alikula ugali wa binti huyu na hajawahi kuisikia sauti yake. "Kumbe unaongea."

"Neno lina maana mbili, afande. Kuungua na kuiva. Mimi nilimpa moja."

"Ulisahau?"

Castory, nyuma ya afande, alimwashiria kwa kichwa: sema ndiyo, binti, tuondoke. Ndiyo moja tu ingetosha. Esteria akamtazama Salumu, aliyelowa chapachapa, harage limemganda sikioni.

"Sikusahau," akasema. "Ningempa yote kwa mkupuo, asingerudi jikoni kwangu. Na mimi nataka arudi."