Kiwaya cha Taa Nyekundu

Niliingia kwenye banda la ndege nimejiandaa kugomba. Ndivyo nilivyo. Marehemu mume wangu, rubani, alikuwa akisema mdomo wangu ukifungwa kwenye ndege, injini haina kazi. Mlangoni, kwenye benchi, alikaa mdogo wangu, fundi wa ile ndege iliyoanguka. Naye alikuwa ameitwa na wachunguzi wa ajali. Akainuka, "Dada, umefika?" Nikampita kama nguzo ya umeme.

Sikuwa nimemjibu neno tangu msibani. Ndege ya mume wangu iliishiwa mafuta angani, na hilo kila mtu alilijua. Kipimo chake cha mafuta kilikuwa na tabia ya kukwama, kwa hiyo tegemeo likawa taa nyekundu inayowaka mafuta yakikaribia kwisha. Balbu yake iliungua, mdogo wangu akaambiwa abadilishe. Basi siku ya mazishi alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Nilisahau. Sikuibadilisha." Macho makavu! Nikamwambia asikanyage kwangu tena. Wanangu wakimwulizia mjomba wao, nawajibu, huyo ndiye aliyemuua baba yenu.

Siku hiyo bandani nilitaka wachunguzi waseme hivyo hivyo, wamnyang'anye leseni, nami nipumue.

Lakini jamani, nilipoinua macho, ugomvi wote ulinitoka. Walikuwa wamechora umbo la ndege sakafuni kwa chaki, bawa hadi bawa, kisha wakakirudisha kila kipande mahali pake: mabati yaliyokunjamana, kitasa cha mlango, nusu ya kiti, hata skrubu. Watu wazima walikuwa wametambaa kwa magoti kwenye shamba la mahindi ilikoangukia, wakitafuta skrubu. Yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja, wala si waziri, ni mume wangu tu. Nikavua viatu. Hakuna aliyeniambia nivue.

Mchunguzi mkuu alikuwa mwanamume mfupi mwenye upara, sauti yake ya chini mpaka inabidi umsogelee. Alinionyesha pangaboi la mbele. "Halikujikunja, mama. Injini ilikuwa imeshazimika kabla ya kugusa ardhi." Kisha akanipeleka kwenye meza yenye hadubini. "Fumba jicho moja. Tazama."

Niliona kiwaya cha ndani ya balbu kimejiviringa vizuri, kama springi ya kalamu, ila kimekatika katikati.

"Hicho ni cha taa nyingine ya ndege hii hii," akasema. "Haikuwa ikiwaka. Kiwaya kikiwa cha baridi, kishindo hukikata tu. Sasa tazama hiki cha taa ya mafuta."

Akabadilisha. Mungu wangu. Kiwaya kilikuwa kimenyooka na kurefuka, kimepinda huku na huku mithili ya uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Kitu chembamba kuliko unywele, na bado kilikuwa kimeishika ile sekunde moja ya mwisho na kuitunza.

"Kiwaya cha moto ni laini," akasema mchunguzi. "Kishindo hukivuta. Taa hii ilikuwa inawaka, mama. Na balbu yenyewe ni mpya."

"Haiwezekani. Fundi mwenyewe amesema hakubadilisha!"

"Hata sisi ametuambia hivyo. Ndiyo maana nimewaita wote wawili. Sijaelewa kwa nini mtu ajisingizie."

Nikashika ukingo wa meza. "Kwa hiyo mume wangu aliiona?"

"Aliona au hakuona, siwezi kusema. Ilikuwa mbele ya uso wake."

"Na njiani palikuwa na kiwanja angeweza kutua?"

"Palikuwepo. Alikipita."

Mume wangu watu walimwita Tutafika, maana ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu: mvua, matope, ada ya shule. Tutafika tu, mke wangu. Nilimpenda kwa neno hilo. Sasa nililisikia likisemwa mbele ya taa nyekundu, na uchungu ulionipata ulikuwa mpya kabisa, kana kwamba amekufa asubuhi ile.

Nilitoka peku hadi kwenye benchi.

"Uliibadilisha," nikamwambia mdogo wangu.

Akatazama chini. "Asubuhi ile ile. Tuliiwasha mimi na shemeji, tukaiona inawaka."

"Mjinga wewe! Na leseni yako?"

"Nitatengeneza pampu za maji. Mikono ninayo."

"Kwa nini, lakini? Kwa nini?"

"Nilijua utahitaji mtu wa kumchukia, dada. Ninakujua." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Nikaona bora niwe mimi. Mimi nipo, ipo siku ungenisamehe. Yeye ungempata wapi mkapatane?"

Huyu nilimbeba mgongoni. Nilimfuta makamasi. Nilidhani namjua mpaka unyayo, kumbe nilikuwa nimesimama mbele ya mtu mkubwa nisiyewahi kumwona, nikamwogopa kwa heshima.

"Watoto waache waamini hivyo hivyo," akasema. "Wamwone baba yao bila doa. Mimi nimeshazoea."

"Nyamaza!" Machozi yalikuwa yananitiririka. Wanangu wawili walikuwa nyumbani, na kila siku, kwa ulimi wangu mwenyewe, nilikuwa nimewafundisha kumchukia.

Nikamkamata mkono. "Twende nyumbani," nikamwambia. "Usiniache mlangoni. Kaa nami nikiwaambia watoto ukweli, maana peke yangu sitaweza."