Chipu ya Mwalimu Elia

Mwalimu Raheli alianza kuitilia shaka chipu ya Mwalimu Elia siku ileile wasichana wake waliposhindwa.

Chipu yenyewe haikuwa ya kushikika. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya maabara, kwenye programu ya kuchorea saketi. Unaunganisha mageti, vile vipande vinavyoamua umeme upite au usipite, kwa nyaya za kuchora, ukiridhika unayafungia yote katika kisanduku kimoja, na tangu hapo huoni kitu ila miguu ya kisanduku, pale nyaya zinapoingia na kutoka. Elia aliiunda kwa mashindano ya maswali. Wavulana walikuwa na kitufe chao kwenye kibodi, wasichana chao. Anayewahi kubonyeza, taa yake inawaka na ya mwenzake haiwaki tena.

Aliyeitaka mashine hiyo ni Raheli mwenyewe. Mwaka uliotangulia, 2003, waamuzi walitazama mikono, na mikono ikiinuka pamoja, swali lilikwenda kwa wavulana. Raheli aliwasha moto ofisini mpaka Elia, mtu asiyependa ugomvi hata kidogo, akasema, "Basi mwalimu, nitatengeneza kitu kisicho na macho."

Sasa kitu kisicho na macho kimewanyima wasichana safari ya Lindi, zawadi ya washindi. Machale yakamcheza Raheli. Kwa nini Elia aliifunga chipu na kuomba mtu asiifungue? Na kwa nini, mashindano yakiendelea, alikuwa akiikodolea macho meza ya wasichana kama mtu mwenye lake jambo? Alipomwuliza, Elia alijikuna shingo. "Iache tu, mwalimu."

Mwenye mikono safi hasemi iache tu. Raheli akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Mwalimu Mikaeli, akadai kwamba chipu ikikutwa na hila, Elia avuliwe usimamizi wa klabu ya kompyuta ya shule.

"Ifungue," Mikaeli alimwambia. "Utakachokikuta utakisema mwenyewe mstarini, kiwe kitamu, kiwe kichungu."

Elia alimkabidhi ufunguo wa maabara bila neno. Hilo nalo likamzidishia shaka.

Asubuhi ya Jumatatu, jenereta ikinguruma nyuma ya jengo, Raheli aliingia na Rebeka, nahodha wa timu yake. Akakifungua kisanduku, akafuatilia nyaya kwa kidole juu ya kioo. Upande wa wavulana na upande wa wasichana ulifanana. Lakini pembeni, chini kabisa, palikuwa na geti moja la ziada lililounganishwa katikati. Raheli akafurahi, tena furaha mbaya.

"Nimemkamata," alisema.

Akaisimamisha programu, akawasha vitufe vyote viwili kwa pamoja, kisha akaiachia iendelee. Taa ya wasichana ikawaka. Akarudia, ikawaka ileile. Akaukata waya wa geti lile, akajaribu tena, na sasa taa zote mbili zikapepesa, zisijue nani apewe.

Raheli aliuondoa mkono wake kwenye kibodi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Wametuibia, madamu?" Rebeka aliuliza.

"Hapana. Mkibonyeza pamoja na wavulana, mnapewa ninyi."

Rebeka aliitazama tena taa yao. "Na bado tumeshindwa?"

Kengele ikagongwa. Raheli alitembea kwenda mstarini huku akimchukia Elia kwa wema wake na kujichukia mwenyewe zaidi. Akinyamaza, Elia atabaki mwizi midomoni mwa watu. Akisema, atavuliwa klabu kwa sharti alilolitoa yeye, Raheli, kwa mdomo wake.

Elia alisimama na walimu wengine, mikono nyuma, akitazama chini.

"Chipu ina hila," Raheli alisema, na wasichana wakaanza kushangilia. Akasubiri wanyamaze. "Mwalimu Elia aliiweka kwa sababu yangu. Hakutuibia. Tulibebwa, na bado tukaanguka."