Mitungi ya Chumba cha Wageni

Gonjwa lilipoingia mjini, Mkurugenzi wa kampuni ya bima aliwahutubia wafanyakazi wake kwa simu, yeye bustanini, miguu ndani ya beseni la maji vuguvugu. Akasema ugonjwa hauchagui tajiri wala maskini. Dereva wake, aliyemshikia mwavuli, alitikisa kichwa kukubali. Bosi akisema, kichwa hutikisika chenyewe.

Tangu hapo Mkurugenzi hakutoka getini. Dereva ndiye aliyetoka kwa niaba yake, na kila akirudi alipuliziwa dawa kama kabichi yenye wadudu. Siku moja alitumwa kuleta mitungi miwili ya oksijeni. Akaibeba hadi chumba cha wageni, mama mwenye nyumba akaifunika shuka la maua isiharibu sura ya chumba.

"Nani anaumwa, mama?"

"Aumwe nani? Ni ya tahadhari. Na usiguse ukuta."

Dada yake dereva, wa tumbo moja, aliosha vyombo kwenye jiko la kiwanda. Wakubwa walihamishia kazi nyumbani, lakini masufuria hayaoshwi kwa simu. Homa ikamkuta papo hapo jikoni. Dereva alimkuta hospitali, kwenye godoro chini sakafuni, akiitafuta pumzi kwa mabega. Oksijeni ya wodi ilikuwa imekwisha.

"Kama una mjomba waziri, mpigie," nesi alisema, wala hakuwa anatania.

Mjomba wa namna hiyo hakuwa naye. Alikuwa na bosi.

Mkurugenzi alimsikiliza akiwa dirishani. "Pole sana. Lakini nikikupa wewe, kesho atakuja mpishi. Tutageuka hospitali hapa."

"Mmoja tu, mzee. Nitaurudisha."

"Mwambie ajifukize."

"Sawa, mzee."

Akazunguka mlango wa nyuma, akauvua mtungi shuka lake, akautia kwenye buti la gari la Mkurugenzi mwenyewe. Mlinzi alifungua geti na kupiga saluti. Saluti ilikuwa ya gari.

Dada alipumua. Mama aliyelala godoro la jirani hakuusubiri mtungi, walikuwa wameshamfunika.

Dereva aliporudi alimkuta Mkurugenzi amesimama barazani, barakoa mbili usoni.

"Unajua gonjwa hili limepunguza wastani wa umri wa kuishi kwa miaka miwili? Kwa kila mtu! Miwili yangu ndiyo unayoiiba?"

Akafukuzwa palepale. Akaenda kumsimulia dada yake, neno kwa neno. Dada akacheka hadi kikohozi kikamkaba.

"Maskini, na yeye kapunguziwa?" alisema alipopata sauti. "Hapa wodini nimeona wakimpunguzia mtu mmoja miaka yake yote."

Halafu akamwomba amsaidie kuketi, ajaribu kusimama. Kiwandani walikuwa wameshauliza anarudi lini.