Nafasi ya Kumi na Nne

Mzunguko wa saba, au ulikuwa wa tisa? Taisto aliachia spana akabaki ameikodolea macho skrubu inayokaza waya wa mlingoti. Miaka thelathini na mmoja yeye alikuwa mkono wa kulegeza, mkewe Helvi mdomo wa kuhesabu. Hesabu ikiandikwa daftarini, na mwezi wa tano, mlingoti uliposimikwa tena baada ya majira ya baridi, kila waya ulirudi kwenye mkazo wake uleule. Sasa Helvi alikuwa kaburini tangu Februari, na nyuma ya Taisto boti sita zilikuwa zimepanga foleni kusubiri winchi ya chama cha wenye boti ing'oe milingoti yao.

"Taisto, unaifungua hiyo au unaibembeleza?" mmoja alipaza sauti, wengine wakacheka.

Skrubu zilizobaki alizilegeza bila kuhesabu, kwa hasira. Winchi ikaung'oa mlingoti, ukalazwa uani juu ya vihimili vya mbao. Akauosha chumvi kwa maji baridi, akazifunga nyaya matambara zisiukwaruze, kisha akaenda kwenye banda la kuhifadhia milingoti kutazama nafasi yake, ya kumi na nne.

Ilikuwa na mlingoti wa mtu mwingine.

Marjut, mwenyekiti wa chama, alikuwa mlangoni pa banda akiwagawia supu ya njegere waliojitolea kazi siku hiyo. Taisto alimwambia mbele ya wote kwamba kamati yao ni ya watu wa kalamu, spana hawaijui, wanachojua ni kumpora mtu nafasi akiwa msibani. Marjut aliweka upawa chini. Akaeleza polepole kwamba mwanachama alikuwa Helvi; Taisto mwenyewe hakuwahi kujiandikisha. Barua tatu za kudai ada ya mwaka zilitumwa, hazikujibiwa.

Zilikuwa mezani jikoni, hizo barua. Zilikuwa na jina la Helvi, na yeye hakuwahi kufungua barua ya Helvi hata siku moja.

"Si mngenipigia simu," alisema. Lakini hasira ile hakujua tena aielekeze kwa nani.

Marjut akamletea fomu. Akiijaza leo, atapata nafasi nyingine humo bandani. Asipoijaza, mlingoti utoke uani kabla ya giza. Taisto alirudi naye uani, akaitandaza fomu juu ya mlingoti. Jina lake aliliandika. Chini yake paliulizwa sababu ya mwanachama wa awali kuondoka, na visanduku vitatu: ameuza boti, amehama, mengineyo. Kalamu ilikwenda hapa, ikarudi pale. Theluji yenye majimaji ilianza kuanguka.

"Marjut," alisema, "hivi Helvi amehama, au ni mengineyo?"

Marjut alikwenda kwenye ncha ya mbali ya mlingoti, akainama, akatia bega. Taisto akaikunja fomu, visanduku bado vitupu, akaitia mfukoni, naye akainama upande wake. Mlingoti ukainuka.

"Tunaelekea wapi, bandani au nje?" Marjut aliuliza bila kugeuka.

Theluji ilikuwa ikitua kwenye mlingoti kati yao, ikiyeyuka, ikitua tena.