Wanzuki ya Mabungo

Nitasema ukweli tangu mwanzo ili nisisumbue mtu: Bernadeta nilimchukia kabla sijaonja pombe yake, na baada ya kuionja nilimchukia zaidi.

Kabla hajaletwa kijijini kwetu, mpishi wa wanzuki, pombe yetu ya asali, alikuwa mimi, Apolinaria. Wengine walipika pia, maana kilabu kilikuwa cha kijiji na kila mama mpishi alikuwa na zamu yake, lakini zamu yangu ikifika watu walitoka hata Usinge kwa baiskeli. Asali, maji, na machicha ya kuchachushia yaliyobaki mtungini tangu enzi za mama mkwe wangu, basi. Kila sikukuu ya Azimio wageni wa wilaya walikunywa pombe yangu, miaka saba mfululizo. Mimi sikujaliwa mtoto. Wenzangu waliitwa mama fulani na mama fulani, na mimi nikaitwa Mama Wanzuki. Mtu asiniambie kwamba hilo ni jina la utani tu. Mimi nilikuwa naitika.

Halafu mwaka sabini na nne malori yakaleta watu waliokuwa wakikaa porini mmoja mmoja, nasi tukaambiwa sasa ni kijiji kimoja. Bernadeta alishushwa na watoto watatu, masufuria mawili na mtungi uliofungwa kwa kanga. Mume hakuwa naye, alikuwa amefariki. Wakampa kiwanja mkabala na nyumba yangu, kana kwamba ardhi yote ya Tabora imekwisha.

Zamu ya wanaume ya kuezeka nyumba za wageni ilimwangukia mume wangu Lugembe. Alirudi jioni, akavua viatu, akasema yule mama amewapa kikombe cha wanzuki aliyoitia mabungo ya msituni. "Utamu unatangulia," alisema, "halafu uchachu unakuja nyuma yake taratibu, na ukishameza bado unausikia mdomoni." Nilikuwa nimempikia mtu huyu miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo yote sifa ndefu kuliko zote aliyonipa ilikuwa, "Leo imeiva."

Usiku huo sikula. Nilimwambia tumbo linauma.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Bernadeta hakuficha kitu. Wanawake walimuuliza kisimani anafanyaje, naye akawaeleza yote: unachagua mabungo yaliyoanguka yenyewe, unayaminya kokwa kwa kokwa, unayatia siku ya pili, si ya kwanza. Mimi machicha yangu sijawahi kumgawia mtu hata kijiko. Wakawa wanakwenda kwake kupiga soga, wakipita mlangoni kwangu wananisalimia tu. Nilikuwa nikichungulia dirishani na kuhesabu nani ameingia. Najua ni aibu, lakini nilihesabu.

Mwenyekiti wa kijiji akaja kuniona mwenyewe, mtu mwenye heshima zake. Akasema Azimio mwaka huu watu wanataka kujaribu kitu kipya, lakini haitakuwa dhuluma. Bernadeta atapika Jumamosi, kijiji kizima kionje, na kikipendezwa basi mimi nipumzike kidogo. Nikamjibu kwamba hakuna shida. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sasa lazima nieleze desturi yetu. Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya watu, lakini hilo halitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuwa amekunywa kinga ya sumu yake nyumbani. Kwa hiyo kata hupokelewa na mpishi mwenzake. Akimeza, watu wanakunywa. Akitema, watu wanaweka vikombe chini, wanaaga kwa adabu na kwenda zao, na pombe inarudi kwa mwenyewe kumwagwa. Hakuna anayetamka neno sumu. Wala aliyetema haulizwi chochote.

Mpokeaji huchaguliwa na mwenye pombe. Jumamosi ile kilabu kilijaa mpaka watu wakakaa nje kwenye magogo. Bernadeta alichota, akaonja, akawapita wapishi wote akaja mpaka nilipokaa. Akapiga goti.

"Dada, nipokelee wewe. Hapa mkubwa wa kazi hii ni wewe."

Laiti angemchagua mwingine. Alinipa heshima mbele ya watu wote, na heshima ile iliniwasha kuliko tusi. Nikapokea kata. Harufu yake tu ilikuwa ya msitu baada ya mvua ya kwanza. Nikapiga funda, nikaliacha mdomoni.

Lugembe alikuwa amesema kweli tupu. Asali ilitangulia, kisha bungo likaja nyuma, kisha kukawa na kitu cha tatu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Nilitaka kumeza. Koo langu lilikuwa linaomba. Nikafumbua macho, nikaona watu wote wameinua vikombe wakimtazama yeye, si mimi, na nyuso zao zilikuwa zimeshaanza kufurahi. Nikageuka pembeni nikatema.

Nilimrudishia kata, nikajifuta mdomo na upande wa kanga. Vikombe vikaanza kushushwa, kimoja kimoja, bila kelele. Mwenyekiti akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Lugembe alikuwa bado ameshika kikombe chake. Angeweza kunywa, lakini kunywa kwake kungekuwa kuniita mimi mwongo mbele ya kijiji. Akanitazama, akakiweka chini, akatoka na wenzake. Bernadeta alibaki amepiga goti palepale na kata mkononi.

Nyumbani Lugembe hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akavuta tumbaku yake yote, ndipo akasema, "Ulifumba macho."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Kitu kikikupendeza unafumba macho. Nakujua. Ulifumba, ukafumbua, ndipo ukatema."

Kulipokucha nikavuka njia mpaka kwa Bernadeta. Nilimkuta uani anamimina mitungi shimoni, watoto wamejipanga ukutani wanatazama. Alinisalimia, "Mwangaluka, dada," kama ilivyo desturi, akaendelea kumimina. Mtungi mmoja ulikuwa umebaki. Nikachukua kata, nikachota, nikanywa yote mpaka tone la mwisho, nikamwonyesha kata tupu.

Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Leo umemeza," alisema. "Jana kulikuwa na watu."

Nikamwambia anipe huo mtungi, niubebe mwenyewe mpaka kilabuni nikanywe mbele yao. Akauinamisha mtungi. Alimimina polepole, bila hasira, mpaka machicha yakatoka. Alisema watoto wake watatu wanacheza na watoto wa kijiji hiki, na hataki mtungi wake uonekane tena barabarani. Mabungo nayo yalikuwa yanaishia. Msituni kulibaki yaliyotobolewa na ndege.

Basi nikaenda kilabuni mikono mitupu. Ilikuwa zamu ya Marcelina, na watu walikuwa wengi. Nilisimama katikati nikasema kila kitu. Nilisema pombe ya Bernadeta haikuwa na kasoro, kwamba ilikuwa nzuri kuliko yangu, na kwamba nilitema kwa wivu. Neno hilo, wivu, nilisema mara mbili. Nilitegemea wanizomee, na nilikuwa tayari.

Hakuna aliyezomea. Mzee mmoja akaitikia kwa kichwa. Marcelina akanishika bega akanikalisha karibu yake, akanipa kikombe.

"Tumekuelewa, dada," aliniambia taratibu. "Umefanya vizuri kumsitiri. Ana watoto, maskini."

Nikamwambia simsitiri, nasema kweli. Akanipigapiga mgongoni. Kadiri nilivyokazana ndivyo walivyozidi kuniona muungwana, na aliyekuwa bado na shaka juu ya Bernadeta, shaka yake ikaisha siku ile. Niliapa. Wakasema huyu anaapa hata uongo ili kumwokoa mgeni.

Sikukuu ya Azimio nilipika mimi. Wageni wa wilaya walikunywa wakamaliza mitungi yote, na mwenyekiti aliposimama kutoa shukrani alinitaja kwa ukarimu wangu pia, akisema moyo wa namna ile ndio unaojenga kijiji cha ujamaa. Watu wakapiga makofi. Lugembe alikuwa amekaa nyuma kabisa, kikombe chake kimejaa mpaka juu. Hakukigusa. Ng'ambo ya pili ya uwanja, Bernadeta alikuwa uani kwake anaanika mihogo, peke yake, na hata wakati ule, nikiwa nimesimama nikipigiwa makofi, nilimtazama na kumwonea wivu: yeye alijua wanzuki ile anaipikaje.