Mkwe wa Volti Elfu Thelathini

Mimi ni fundi magari, karakana yangu iko Buyenzi, lakini sifa yangu mjini haitokani na magari. Inatokana na mdomo. Nimekuwa mshenga wa ndoa nyingi, za Waislamu na za Wakristo, hata nikipita mtaani wanawake wenye mabinti wananiamkia kabla sijawaona. Baadhi ya ndoa hizo zimevunjika, ni kweli. Hakuna iliyovunjikia mdomoni mwangu.

Kwa hiyo Callixte alipoingia karakana amevaa shati jeupe, anakanyaga kwa uangalifu pembeni mwa oili, nilijua nimeletewa posa. Nikamwambia akae, nikamuuliza binti ni wa nani.

"Si binti, mzee Massoudi. Ni laini ya umeme."

Callixte ni mkubwa wa mipango katika mradi mmoja wa umeme. Ofisi yake iko Rohero, nyumba yake Mutanga Nord. Alitandaza ramani juu ya boneti ya Corolla niliyokuwa naifanyia kazi. Kaskazini ya mji, kwenye tambarare ya Imbo, walikuwa wamepaka rangi ya njano sehemu wanazoziita kanda za jua, yaani mahali pa kuweka paneli. Kutoka kwenye njano ulitoka mstari mwekundu kuja mjini, na njiani ulipita Gasenyi, ukapiga kona.

Alinieleza kwamba zamani watu walijenga mtambo kwanza, ndipo wakaanza kutafuta njia ya kuusafirisha umeme. Mtambo unakaa unaota jua bure, wanabishana na wenye mashamba. Siku hizi wanapanga kanda na laini kwa pamoja. Nikaona ni akili. Hata kwetu, mwanaume haleti mke kabla hajajua atalala wapi.

"Shida iko wapi?" nikamuuliza.

"Gasenyi. Wapimaji wangu wamefukuzwa. Kuna mama mmoja, nguzo ya kona iko katika parseli yake, ndani ya kiwanja chake. Aliwatoa na ufagio."

Sikuhitaji kuuliza jina. Mama huyo ni dada yangu Khadidja.

Khadidja ni mjane. Mume wake, Djibril, alinunua friji mwaka ule walipoahidiwa umeme mtaani kwao. Aliileta juu ya mkokoteni, akaiweka jikoni, akasema siku umeme utakapofika, mgeni wa kwanza atakunywa kitu baridi hadi meno yamuume. Umeme haukufika. Djibril alikufa. Friji ikabaki jikoni, dada yangu anapangia sahani ndani yake, na kila Ijumaa anaifuta kwa kitambaa cha maji. Ukimwambia auze, anakwambia friji ni mpya, haijatumika hata mara moja. Huwezi kubishana na hilo.

Nikamwambia Callixte kwamba kwa watu wa Gasenyi haendi na kipimo, anaenda na vinywaji. Alikubali mara moja. Mwenyewe ni mtu wa hapa, ameposa, anajua. Au nilidhani anajua.

Tulienda Jumamosi. Viti vilipangwa safu mbili zinazotazamana, Fanta kwa Waislamu, bia kwa wengine. Upande wetu walikaa Callixte na injinia wake Chanelle, aliyevaa vazi la sherehe la kufunga begani, na ambaye nadhani alikuwa anafurahi kuliko wote. Gasenyi nao walileta mshenga wao, Karimu, muuza duka ambaye hajawahi kumsamehe mtu deni wala neno.

"Kijana wenu ni nani?" Karimu akauliza.

"Kijana wetu ni laini," nikasema. "Ni mrefu, ana nguvu, hasemi sana, na kazi anayo."

Watu wakacheka. Karimu hakucheka.

"Akishaoa, atakuwa anasimama kwa mama mukwe wake? Ao atapita juu ya paa sawa ndege, anaenda kulisha bantu ba mujini?"

Hapo ndipo penyewe. Nilimgeukia Callixte. Mshenga hasemi kitu asichotumwa. Callixte alikuwa na soda mkononi, anatabasamu, akanitikisia kichwa kwamba ndiyo. Mkuu wa mipango, mwenye ramani, mbele ya safu mbili za watu.

Nikasimama. "Tangu lini mukwe akapita mulango ya mama mukwe bila kusimama na kusalimia?"

Makofi. Callixte naye alipiga, kwa nguvu, kama mtu aliyependezwa na wimbo.

Khadidja akaniangalia mimi, si wao.

"Massoudi. Atasimama hapa?"

"Atasimama, dada."

Akachukua Fanta yake, akanywa. Kwetu mambo huishia hapo. Kilichosemwa juu ya vinywaji, vikanywewa, hakihitaji muhuri.

Mparachichi wa uani ulikatwa, nguzo ikasimama mahali pake. Khadidja alifagia vumbi la saruji na kuizoea ile nguzo kama unavyomzoea mkwe asiyeongea. Waya zikavutwa. Siku moja Chanelle akaja karakana, safari hii bila vazi la sherehe, akasimama mlangoni kama aliyekuja kutoa taarifa ya msiba.

"Mzee, wametoa transfo ya Gasenyi katika plan."

"Haiwezekani kiufundi?"

"Inawezekana vizuri sana. Laini ni ya volti elfu thelathini, transfo inaushusha uwe wa nyumbani pale pale kwenye kona. Niliichora mimi mwenyewe. Lakini wanataka umeme wote ufike mujini kwanza, ripoti ionekane nzuri. Gasenyi imewekwa awamu ya tatu."

"Na awamu ya pili iko wapi?"

"Haijaanza kupangwa."

Nikampigia Callixte. Alikuwa na adabu, hana ubaya, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Akaniambia, "Mzee Massoudi, yale yalikuwa maneno ya sherehe tu." Maneno ya sherehe! Nilikata simu, nikafunga boneti ya watu vibaya hadi ikapinda.

Nilikwenda kumwambia dada yangu mwenyewe, maana habari mbaya haitumwi. Nilimkuta anaosha sahani. Friji ilikuwa wazi, tupu, inakaushwa kwa hewa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"We ndiye ulisema atasimama," akasema, akaendelea kuosha.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Ningepigwa ufagio ningeshukuru.

Karimu ndiye aliyesema la kufanya, na alilisema bila hasira, kama anayetaja bei ya sukari: posa ikivunjwa, vinywaji vinarudishwa. Vile tulivyokunywa havingeweza kurudi, basi Gasenyi wakachanga, wakanunua vingine vinavyofanana, Fanta kwa Fanta, bia kwa bia.

Tulikwenda Mutanga Nord Jumapili baada ya misa, saa ambayo kila mtu yuko mbele ya geti lake anaangalia viatu vya mwenzake. Tulikuwa tumevaa vizuri. Nami nilikwenda, nikasimama upande wa dada yangu, na hilo mshenga wa upande wa pili halifanyi isipokuwa amevunjiwa neno. Tukapanga kreti mstari mmoja getini kwa Callixte, tukarudi nyuma. Hakuna aliyekaa wala kufungua chupa.

Mke wake, Adélaïde, alitoka anatabasamu, mkono umenyooshwa wa kukaribisha. Akaona kreti zimejaa. Akaona tumesimama. Mkono ukashuka.

"Callixte!" akaita. "Njoo hapa. Umeposa wapi?"

Callixte akatoka na kandambili. "Sijaposa."

"Sasa hii vinywaji inarudishwa na nani, kama hukuposa?"

Majirani walinyamaza kwa heshima ili wasikie vizuri. Karimu akapiga hatua moja.

"Mama, sisi hatuna ugomvi. Bwana alikuja kuomba njia, tukamupa. Akasema mukwe atasimama. Sasa anasema hasimami. Tunarudisha vitu vyake. Ndoa hakuna."

"Mutang'oa nguzo?" Callixte akauliza, rangi imemtoka.

"Apana. Nguzo ibaki. Sisi tunarudisha Fanta tu."

Ingekuwa nafuu kwake kama tungetishia. Mtu anayetishiwa huita polisi. Adélaïde aliangalia kreti, akaangalia mageti ya jirani moja baada ya jingine, kisha akamgeukia mume wake kwa sauti ndogo ambayo sote tuliisikia.

"Binti yetu Gaëlle anakuja kuposwa. Nani ataleta wazee wake katika nyumba yenye vinywaji vimerudishwa mulangoni?"

Callixte alisimama na kandambili zake, na nikaona kwamba sasa ndipo anakumbuka alitikisa kichwa. Nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu yake transfoma ikarudi kwenye mpango. Chanelle aliniambia hakuchora kitu, alifungua tu mchoro wake wa kwanza. Kwenye ripoti waliandika kwamba ni kwa sababu za kijamii.

Umeme ulipofika Gasenyi, Callixte alizirudisha zile kreti yeye mwenyewe, mchana, gari likiwa limefunguliwa nyuma ili kila mtu aone. Khadidja alikuwa ametoa sahani zote na kuziweka sakafuni. Jioni iliyotangulia aliingiza kwenye friji chupa za Fanta alizonunua mwenyewe, akatukataza kufungua mlango wake kuangalia.

Callixte aliketishwa sebuleni akiangalia ukuta, kwa sababu mkwe hanywi mbele ya mama mkwe. Hakubisha. Alikuwa amejifunza. Mimi ndiye nilimpelekea chupa, na mkono wangu uliiacha upesi.

Akanywa. Kisha, nyuma ya pazia la jikoni, sauti ya dada yangu:

"Iko baridi?"

"Iko baridi, mama."

"Baridi ya kweli?"

"Ya kweli, mama. Meno inaniuma."

Nikasogeza pazia nimwone. Khadidja alikuwa ameketi chini katikati ya sahani zake, ameegemeza shavu kwenye ubavu wa friji, nayo inanguruma.

"Djibril," akaiambia, "umesikia? Mugeni anasema meno inamuuma."