Besi ya Isidore

Jumapili ya kwanza baada ya Isidore kuchukuliwa, kwaya ya kanisa la Nyabiondo ilisimama saa tatu asubuhi, wanawake mbele, wanaume nyuma. Nafasi ya Isidore, ya tatu kutoka dirishani, ilikuwa wazi. Watu wenye silaha walikuwa wamemkamata Jumatano akipalilia maharagwe, wakambebesha mzigo wao kuelekea Ntoto, upande wa Walikale. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, sauti yake ya besi ilitoka katika ile nafasi kama kawaida.

Élie, mwalimu wa kwaya, hakusimamisha wimbo. Baadaye alisema tu kwamba besi ilikuwa ikivuta pumzi katikati ya maneno.

"Atavuta namna gani ingine?" akasema mzee Karangwa, aliyekuwa amebebeshwa mizigo mara mbili na kurudi. "Iko anapanda. Na kamba ya muzigo iko ku kichwa."

Tangu siku hiyo Karangwa alikaa benchi la kwanza na kusikiliza. Kila baada ya ibada alimweleza Généreuse, mke wa Isidore, mumewe alipo: kwenye matope, mtoni, kwenye mteremko mkali. Généreuse alimshukuru, akaenda kupika.

Mchungaji Viateur alikwenda na wazee wawili kwa mkuu wa wale watu kumwombea Isidore ruhusa ya kurudi. Mkuu aliwapa viti. Alisema wabebaji hurudi mizigo ikiisha. Mizigo haikuisha.

Mwezi wa Juni Bienvenu, mdogo wake Isidore, alimletea Généreuse neno la familia. Kwao mtu asiyerudi huzikwa kwa mgomba. Hukatwa shina la urefu wake, hufungwa shuka, hufukiwa, na mkewe huwa mjane. Asipozikwa, watoto wa ukoo huugua, na tayari wawili walikuwa na homa.

"Shemeji, tumungojee mpaka wakati gani?"

"Iko anahema. Weye unaweza kuzika mutu anahema?"

"Sikusema vile."

"Njo vile ulisema."

Jioni hiyo Généreuse alimwuliza Mchungaji Viateur, Mungu alikuwa na kusudi gani na Isidore kule msituni.

"Sijue, Mama. Miye sikuambiwa."

"Lakini kusudi iko?"

"Iko. Hiyo njo naamini."

"Basi na miye nitangoja bila kuambiwa."

Alingoja miezi mitano zaidi. Hakukosa Jumapili hata moja. Mwezi wa Novemba, besi iliimba beti zote nne bila kuhema. Ilikuwa pana na tulivu, haikukatika popote. Élie alisema haijawahi kuimbwa vizuri hivyo.

"Ametua muzigo," akasema Karangwa.

"Anapumuzika?" Généreuse akauliza.

"Mutu mwenye kupumuzika anahema zaidi, Mama. Huyu hahemi hata kidogo."

Généreuse alikaa mpaka kanisa likawa tupu. Kisha alikwenda kumwambia Bienvenu akate mgomba. Isidore na mdogo wake walikuwa na urefu mmoja, kwa hiyo Bienvenu alilala chini kando ya shina, akajipima mwenyewe. Walizika Alhamisi. Watu walilia siku mbili, na kilio chao kilisikika hadi kilima cha pili.

Jumatatu walikuja wanaume wawili wenye bunduki. Walitoa pole, kisha wakaeleza shida yao. Nyumba hii ilikuwa haisumbuliwi kwa sababu mtu wake alikuwa tayari kazini. Sasa nyumba yenyewe imetangaza kwamba amekufa, na mzigo wake hauna mtu. Hakuna hata mmoja katika familia aliyekuwa amelifikiria hilo. Bienvenu ndiye mwanamume pekee aliyebaki. Aliomba kuvaa mabuti yake, akaruhusiwa.

Jumapili iliyofuata besi zilikuwa mbili. Ya Isidore ilikwenda sawasawa. Ya Bienvenu, ambaye hakuwahi kuwa mwanakwaya, ilipotea kwenye noti, ikahema, ikapotea tena. Élie hakumsahihisha. Laetitia, mke wa Bienvenu, aliingia amechelewa, mtoto mgongoni. Généreuse, aliyekaa nyuma ya Karangwa, alisogea kumpisha upande ulio karibu na wanaume wa kwaya.

"Iko fasi gani?" Laetitia akanong'ona.

"Kilima ya kwanza," akajibu Karangwa bila kugeuka. "Nguvu angali nayo."

Laetitia alisikiliza kidogo, kisha akamtazama Généreuse.

"Na weye ungali unaamini, dada?"

"Naamini. Imba."

Akamfungulia kitabu cha nyimbo, akamwonyesha kwa kidole mstari ambao waume wao walikuwa wamefikia.